Karafuu katika Chakula cha Kuku

Ndugu wanachama, wengi wetu msimu wa karafuu ukisha hulitegemea banda la kuku. Kuku mia wa nyama, wiki sita, na fedha za skuli za watoto zimepatikana. Lakini imekuwa ada kwa wengi kutia unga wa antibaiotiki katika maji tangu siku vifaranga wanapofika, ingawa hapana hata mmoja anayeumwa. Twaulizwa mara kwa mara: je, karafuu yetu haiwezi kushika nafasi ya dawa ile? Jawabu letu ni kuwa yaweza kusaidia kwa kiasi, lakini si kwa namna wengi wanavyodhani.

Kwanza tueleze asili ya ada hii. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wataalamu wa Marekani waliona kuwa vifaranga waliolishwa mabaki yanayosalia katika utengenezaji wa dawa ya jamii ya tetrasaiklini walikua upesi kuliko wenzao. Mwaka 1951 serikali ya huko iliruhusu dawa hizo zitiwe katika chakula cha mifugo bila ya cheti cha daktari, na mtindo ukaenea duniani. Ubaya wake ulionekana baadaye. Dawa itolewayo kidogo kidogo kila siku huua vijidudu dhaifu na kuviacha vyenye nguvu, navyo ndivyo vinavyozaliana. Hupita katika nyama, katika mikono yetu na katika mbolea ya kuku hata vikatufikia. Siku mtoto akishikwa na maradhi, dawa ya jamii ile ile haimfai kitu. Ndiyo sababu mwaka 1997 na miaka iliyofuata nchi nyingi zilizidi kukaza sheria, na Umoja wa Ulaya ukamaliza kuzipiga marufuku dawa za kukuzia mifugo tarehe 1 Januari 2006.

Kisa kinachotufaa zaidi ni cha Denmark. Huko mwaka 1998 wafugaji wa kuku wa nyama waliacha dawa hizo kwa hiari yao. Wapo waliohofu kuwa kuku wangekufa ovyo. Hesabu zilipofanywa, vifo havikuzidi wala uzito haukupungua. Ila chakula kilichohitajiwa kwa kila kilo ya nyama kilizidi kidogo sana. Haki tuseme pia kuwa waliendelea na dawa za kuzuia koksidia, yaani ule ugonjwa wa kuhara damu. Hata hivyo mfugaji anayedhani kuwa bila ya unga ule banda litamfilisi na alitazame jambo hili vizuri.

Tangu hapo watengenezaji wa vyakula vya kuku wamegeukia mimea: zaatari, mdalasini, thomu, pilipili, manjano, na karafuu. Katika karafuu nguvu iko katika eujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta yake. Ni kitu kile kile kinachotuliza jino linapouma, na madaktari wa meno hukitumia hadi leo. Eujenoli hutoboa ngozi nyembamba ya kijidudu, na kijidudu hufa. Katika chupa za maabara jambo hili halina shaka. Ndani ya tumbo la kuku mambo ni mengine, kwani mafuta huchanganyika na chakula na mengi hunyonywa kabla ya kufika utumbo wa chini. Kwa hiyo majaribio hayakubaliani: mahali pengine kuku walikua vizuri zaidi, pengine hapakuwa na tofauti yoyote. Na karafuu ilipozidi, kuku walipunguza kula, kwa kuwa ni kali.

Wengi waliojaribu unga wa karafuu walitia kilo 1 au pungufu katika kilo 100 za chakula. Tuchukue nusu kilo. Kuku mia hadi kuchinjwa hula kiasi cha kilo 400, basi zitahitajiwa kilo 2 za karafuu kavu. Kila mmoja wetu ajua kilo 2 zina thamani gani mizanini! Makonyo ni rahisi zaidi, ingawa mafuta yake ni kama thuluthi ya yale ya karafuu yenyewe. Yasagwe laini sana. Karafuu au makonyo yaliyoota ukungu yasitiwe kabisa, kwani sumu ya ukungu huharibu ini la kuku.

Mafuta safi ya karafuu yasimiminwe katika maji ya kuku kwa kukisia. Hayachanganyiki na maji; ni mazito kuliko maji na huzama chini, na kuku atakayeyanywa huungua koo. Viwandani hupimwa kwa gramu mia chache tu katika tani nzima ya chakula, na mizani ya jikoni haifiki huko. Chupa iwekwe mbali na watoto.

Wala mtu asidanganyike kuwa karafuu yatibu kideri. Kideri ni virusi. Hakiponyi karafuu wala antibaiotiki, na kinga yake ni chanjo. Kuku akiumwa aitwe daktari wa mifugo, na dawa atakayoiandika itumiwe mpaka imalizike, na siku za kungoja kabla ya kuchinja zihesabiwe.

Tumesikia pia mazungumzo ya kukata majani ya mikarafuu kwa ajili ya mafuta. Majani yana eujenoli kweli, na Indonesia huokotwa yaliyoanguka yakachemshwa. Lakini Madagascar, ambako matawi hukatwa, miti imepunguza kuzaa. Hatushauri mwanachama yeyote apeleke panga katika mti unaozaa.

Atakaye kujaribu na agawe vifaranga wa siku moja mafungu mawili, idadi sawa, banda moja lenye hewa na maranda makavu. Fungu moja lipewe karafuu, jingine lisipewe. Wapimwe siku ya kwanza, ya 21 na ya 42, na chakula cha kila fungu kiandikwe. Tuleteeni hesabu hizo, ziwe nzuri au mbaya, nasi tutazichapa humu.