Texas ao Maine: mtoto wetu anaishi vizuri wapi?

Siku ya likelemba yetu, wamama wawili walirushiana maneno. Mmoja ana binti Texas, mwingine ana binti Maine, wote Marekani. Wa Texas anatuma dola 100 kila mwezi. Wa Maine anatuma 50, na mwezi mwingine hatumi kitu. Mama wa kwanza akasema: "Mtoto wako amesahau nyumba." Mama wa pili alinyamaza, akafunga kitambaa chake, akaenda mbele hata zamu yake haijafika.

Sisi tuliobaki tulijiuliza: je, maisha katika majimbo hayo mawili yanafanana? Walimu hatupendi swali libaki bila jibu, basi tulitafuta.

Maine iko kaskazini, karibu na Kanada. Tshopo yetu inaipita ukubwa zaidi ya mara mbili, na wakaaji wake ni kama milioni 1.4 tu. Texas iko kusini, mpakani na Meksiko, na mwaka 2020 ilihesabu wakaaji zaidi ya milioni 29.

Wakongo wanajua njia inayounganisha majimbo hayo. Mwezi wa sita 2019, mamia ya watu, wengi wao kutoka Kongo na Angola, walivuka mpaka wa Texas wakiwa na watoto. Wengi walikuwa wamepita pori la Darién kwa miguu. Kutoka San Antonio walipanda bisi mpaka Portland, mji mkubwa wa Maine. Mji ukawafungulia uwanja wa mpira wa kikapu ili walale humo, na wakaaji wakaleta nguo na chakula. Kwa nini waliacha Texas, yenye joto kama letu? Walisikia kwamba Portland inasaidia hata watu ambao wangali wanaomba hifadhi. Mtu wa namna hiyo hukaa karibu miezi sita bila ruhusa ya kufanya kazi. Miezi sita, na watoto wanataka kula!

Tuangalie mshahara. Texas, kiwango cha chini ni dola 7.25 kwa saa, hakijabadilika tangu 2009. Maine, mwaka 2025, kilikuwa dola 14.65. Ni kweli, Texas haikati kodi ya jimbo kwenye mshahara, na Maine inakata. Lakini nyumba za Portland ni chache na bei yake ni kali. Kuna familia zilizokaa hotelini miezi mingi zikingoja. Katika miji mikubwa ya Texas, kama Houston na Dallas, nyumba hupatikana kwa urahisi zaidi.

Kuhusu masomo, shule za serikali ni za bure pande zote mbili. Mwaka 1982, korti kubwa ya Marekani ilikata kesi iliyotoka Texas kwenyewe: mtoto hafukuzwi shuleni kwa sababu hana karatasi. Maine inaongeza chakula cha asubuhi na cha mchana kwa watoto wote wa shule za serikali, bila malipo. Lakini mtoto mdogo ambaye hajafika umri wa shule, mama analipa mtu wa kumlinda, na malipo hayo ni mazito huku na kule.

Ugonjwa nao? Texas ndiyo jimbo lenye sehemu kubwa zaidi ya watu wasio na bima ya matibabu katika Marekani yote. Maine, tangu 2022, inatunza watoto na wamama wenye mimba wenye kipato kidogo, hata wasio na karatasi.

Halafu kuna baridi. Maine, kila mtoto anahitaji koti nzito na viatu vya theluji, na nyumba lazima ipashwe moto kwa miezi mingi. Lakini Texas pia si salama: mwezi wa pili 2021 barafu ilikatisha umeme katika nyumba mamilioni, na watu zaidi ya 200 wakafa. Sisi tunajua kukosa umeme, lakini hatujaukosa ndani ya barafu.

Basi nani anaishi vizuri? Hesabu haisemi jibu moja. Dola 50 za Maine zinaweza kuwa nzito kuliko 100 za Texas. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Juma hili tulimkuta sokoni mama wa binti wa Maine. Alituambia binti yake amezaa, na hakuna mtu wa kumwogeshea mtoto hata siku moja. Hapa Mangobo ao Kabondo, mzazi akitoka hospitali, majirani wanajaa uani mbele ya jua kuchwa.

Wamama, tukipiga simu, tuulize kwanza: Nyumba unalipa ngapi? Nani anabaki na mtoto? Ukigonjwa unafanya nini? Mambo ya franga yafuate nyuma. Na yule anayetaka kumtuma mtoto wake huko, aandike maswali hayo kwenye daftari, apate majibu mbele ya kuuza kiwanja.