Maganda ya risasi ni ushahidi: usiyaokote

Watoto wanaokwenda kutafuta kuni au kuchunga mbuzi wakati mwingine hurudi nyumbani na maganda ya risasi. Wengine huyachezea, wengine huyauza kama chuma chakavu. Je, unajua ganda moja linaweza kueleza nini?

Bunduki inapofyatuliwa, pini yake hugonga kitako cha risasi na kuacha kishimo. Kisha kulabu ya chuma hulivuta ganda litoke na kukwaruza ukingo wake. Pini na kulabu za kila bunduki zina kasoro zake ndogo. Ndiyo maana mtaalamu wa polisi huweza kulinganisha alama hizo kwa darubini na za maganda ya majaribio kutoka bunduki inayoshukiwa.

Herufi na namba zilizopigwa kitakoni ni jambo jingine. Mara nyingi huonyesha kiwanda na mwaka wa kutengenezwa, si mtu aliyefyatua.

Mahali ganda lilipoangukia nako ni muhimu. Bunduki ya AK hurusha maganda upande wa kulia, hivyo yanaweza kusaidia kukadiria mpigaji alisimama wapi. Ukiyaokota, familia iliyoumizwa inaweza kukosa haki.

Ukiona maganda:
- Usiyaguse. Kishimo si uthibitisho wa usalama: risasi iliyogongwa bila kulipuka bado ni hatari.
- Waondoe watoto na ukumbuke mahali hapo.
- Toa taarifa polisi au kwa kiongozi wa eneo lako.