Tunza Picha za Likizo Kama Kahawa ya Ghalani

Ukifungua tranka la nyumba ya zamani Mbinga, hukosi picha ya ziwani. Watu wamejipanga mchangani Mbamba Bay au Liuli, nyuma yao mtumbwi na maji ya Ziwa Nyasa. Watoto wameshika viatu mkononi na mmoja amefumba macho kwa jua. Ilipigwa likizo ile familia ilipoteremka kutoka milimani kula usipa wa moto na kuogelea. Baadaye picha ikapandishwa milimani Umatengoni, kwenye mvua na ukungu, na huko ndiko taabu yake ilikoanzia.

Kazi yangu ni kutunza nyaraka na picha. Swali ninaloulizwa zaidi ni dawa gani ipakwe picha ili isiharibike. Dawa hakuna. Kuna utunzaji tu, na mkulima wa kahawa wa Mbinga anaujua tayari kwa sehemu kubwa. Anajua kahawa iliyokaushwa vizuri, ikibaki na unyevu wa asilimia 11 au 12, hukaa salama. Anajua pia kwamba ikilowa tena hupata kuvu na bei huanguka. Ndiyo maana gunia halilali sakafuni wala haliegemei ukuta, hupandishwa juu ya chaga hewa ipite chini. Picha ya babu haiombi zaidi ya hayo.

Picha ni chakula

Picha ya zamani ya nyeusi na nyeupe ina karatasi chini, na juu yake utando mwembamba wa gelatini uliobeba chembe za fedha. Chembe hizo ndizo zinazoleta weusi tunaouona. Gelatini yenyewe hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama. Kwetu sisi ile ni sura ya bibi akiwa msichana, lakini kwa mende na kuvu ni mchuzi ulioganda. Unyevu wa hewa ukipanda kupita asilimia 65 na kukaa hapo kwa siku kadhaa, kuvu huamka na kuanza kula. Tangu mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka mpaka zinapokatika Aprili au Mei, milima yetu hufikia kiwango hicho mara nyingi.

Fedha nayo huchakaa kwa hewa chafu. Ukiona kingo za picha zinang'aa kibuluu kama kioo, ujue moshi na gesi vimeifikia. Picha iliyotundikwa kwenye sebule inayopakana na jiko la kuni huzeeka haraka kuliko pacha wake aliyefungiwa kabatini.

Picha ya rangi ina ugonjwa wake. Rangi zote tunazoziona ndani yake hutokana na matabaka matatu: la samawati, la waridi na la njano. Katika picha nyingi za miaka ya 1970, tabaka la samawati ndilo hufifia kwanza, hata gizani. Ndiyo maana ziwa limekuwa la zambarau na kila mtu anaonekana amepakwa udongo mwekundu. Kasi ya kufifia huongezeka kwa joto, na rangi iliyokwisha kupotea hairudi kwenye karatasi. Kinachoweza kufanyika ni kuipunguza kasi, kisha kurekebisha rangi kwenye nakala ya kompyuta.

Si chini ya kitanda, si darini

Sehemu mbili tunazozipenda kuhifadhia ndizo mbaya kuliko zote. Chini ya kitanda pana unyevu wa sakafu, mchwa na panya. Darini, chini ya bati, mchana pana joto la tanuri na usiku baridi, na picha hujikunja na kujikunjua kila siku mpaka utando unapasuka. Chagua kabati lililo kwenye ukuta wa ndani, usiopigwa na mvua, na sanduku likae rafu ya katikati.

Ndani ya sanduku, kila picha iwe kwenye bahasha ya karatasi nyeupe isiyo na gundi upande unaogusa picha. Usitumie gazeti, kwa sababu karatasi yake ina asidi na huacha madoa ya kahawia. Usifunge kwa mpira wala kwa pini. Vidonge vya kufukuza mende visikae sanduku moja na picha, maana mvuke wake unaweza kudhuru plastiki na rangi. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya vinasaidia, ila kwa sharti kwamba chombo kimefungwa kabisa na vifuko vinabadilishwa au kukaushwa mara kwa mara. Kifuko kilichokwisha kushiba maji hakina kazi.

Albamu zile za kurasa zenye gundi na nailoni juu, zilizokuwa fahari ya sebule nyingi, ni mtego. Gundi hugeuka njano na kuing'ang'ania picha. Usivute kwa kucha. Pitisha taratibu uzi mwembamba wa nailoni, kama ule wa ndoana, kati ya picha na ukurasa, ukienda kama anayekata ugali kwa uzi. Ikigoma, acha. Piga nakala ya ukurasa mzima kama ulivyo.

Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu ina sharti gumu zaidi: usiibandue kabisa. Gelatini ilipata unyevu ikashikamana na kioo, na ukiivuta sura itabaki kwenye kioo nawe ubaki na karatasi tupu. Ipige nakala ikiwa ndani ya kioo chake. Fremu mpya ziwekewe ukingo wa kadibodi unaotenga picha na kioo.

Na paa likivuja usiku, picha zikalowana? Usiziache zikauke zikiwa zimebebana, kwani zitakuwa tofali. Zitenganishe zingali mbichi, suuza matope kwa maji safi ya baridi bila kusugua, kisha zitandaze kivulini juu ya kitambaa safi, sura ikitazama juu. Hapa ndipo picha inapoachana na kahawa, kwa sababu jua la kichanja litaikunja na kuipasua. Fanya kazi hiyo ndani ya siku mbili, kabla kuvu haijaanza.

Nakala kabla ya msiba

Picha nyingi huondoka nyumbani siku ya msiba. Mtu anachomoa albamuni picha nzuri kuliko zote ili ikakuzwe kwa ajili ya mazishi, na katika pilikapilika hizo hairudi. Nakala ipigwe leo, wahusika wakiwa hai.

Kama skana ipo, tumia nukta 600 kwa inchi. Picha ya sentimita 9 kwa 13 itakupa takriban pikseli milioni 6.5, zinazotosha kuikuza ukutani. Kama skana haipo, simu nzuri inatosha. Weka picha barazani kwenye kivuli chenye mwanga mwingi, zima flashi, shika simu sambamba na picha, kisha piga mbele na nyuma. Ule upande wa nyuma wenye mhuri wa studio na mwandiko wa baba ni nusu ya hazina. Ukituma WhatsApp, tuma kama faili, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa ubora. Tunza nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali, kwa mfano kwa shangazi Dar es Salaam. Picha halisi usiitupe, wala mikanda yake ya negativu. Mkanda unaonuka siki umeanza kuoza, utenge na mingine na uupige nakala kwanza.

Jina ndilo picha

Nimeshika picha nyingi zilizo safi kabisa na zisizo na faida kwa mtu yeyote, kwa sababu hakuna anayejua waliomo. Andika nyuma kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino huvuja na kupenya. Karatasi za picha za miaka ya karibuni, zenye plastiki, hazikubali penseli, hizo maelezo yaandikwe kwenye bahasha.

Andika majina kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, mwaka, na aliyepiga. Mahali paandikwe kwa umakini. Wilaya ya Nyasa ilizaliwa mwaka 2012 kutoka Mbinga, kwa hiyo picha ya 1985 iliyoandikwa "Mbinga" inaweza kuwa ya ufukweni. Anayetafuta picha za Liuli za enzi ya Wajerumani atafute kwa jina la Sphinxhafen, walivyoiita kwa mwamba wake wenye umbo la sphinx.

Mwaka usipojulikana, isome picha yenyewe. Kama nyuma inaonekana meli ya MV Mbeya II, picha ni ya miaka ya karibuni. Kama mama mkubwa amejifunga kitenge chenye sura ya Papa Yohane Paulo wa Pili cha ziara ya Songea, si ya kabla ya 1990. Lakini kitenge huvaliwa miaka mingi baada ya ziara. Kinakuambia picha haikupigwa kabla ya lini, hakikuambii ilipigwa lini hasa.

Hayo mengine anayajua mtu. Kahawa isiyo na lebo mwonjaji ataionja, akakisia imetoka mlima gani. Picha nayo ina mwonjaji wake, ambaye ni mzee anayekumbuka nani alikataa kupanda mtumbwi siku ile, na kwa nini mjomba hayumo kwenye mstari. Washa kinasa sauti cha simu, mpe picha mkononi, kisha nyamaza.

Sikukuu za Desemba ndizo hutukutanisha nyumbani, lakini Desemba ni mvua na mikono yenye mafuta ya pilau. Ngoja Juni. Shule zimefungwa, hewa ni kavu, na kahawa iko kwenye vichanja. Anza na picha moja tu, ile yenye mtu mzee kuliko wote walio hai. Ghala la picha lina uwezo wa kungoja msimu mwingine, mwonjaji wake hana.