Sura ya 7: Maili, Kilo na Kadi ya Shirika la Ndege

Karibu kila shirika kubwa linalotua Dar es Salaam, Nairobi au Entebbe lina mpango wake wa kuwatuza wasafiri wa mara kwa mara. Emirates wana Skywards, Ethiopian wana ShebaMiles, Turkish wana Miles&Smiles, KLM na Air France wana Flying Blue. Kujiunga hakulipiwi. Gharama huanza pale msafiri anapoacha tiketi ya bei nafuu na kununua ya ghali ili asipoteze maili, au anapokubali kulala uwanjani akisubiri ndege ya pili kwa sababu kadi yake ni ya shirika hilo. Je, inalipa? Kwa watu wengi hailipi. Kwa baadhi inalipa sana, na kinachowatofautisha ni nani aliyelipia tiketi na mzigo una kilo ngapi.

Mpango ulioigwa na wengine duniani ni wa American Airlines, ulioanza tarehe 1 Mei 1981. Miaka mitatu kabla yake, sheria ya mwaka 1978 ilikuwa imeondoa mamlaka ya serikali ya Marekani kupanga nauli na njia za ndege. Mashirika yakajikuta yanagombania abiria wale wale, kwa ndege zile zile na viti vile vile. American walikuwa na kompyuta za Sabre zilizohifadhi nafasi za abiria, wakachambua namba za simu zinazojirudia, wakaona kwamba wasafiri wachache wanaoruka kila mara ndio wa kushikwa mkono. Zawadi yenyewe haikuwagharimu sana, kwa sababu kiti kisichouzwa hupotea mlango wa ndege unapofungwa. United wakafuata ndani ya siku chache.

Ujanja ulikuwa katika kumchagua wa kupewa zawadi. Mfanyakazi husafiri kwa fedha za mwajiri, lakini maili huingia kwenye akaunti yake mwenyewe. Anayechagua ndege halipi, na anayelipa haoni zawadi. Ujerumani jambo hili lilileta kashfa mwaka 2002: Gregor Gysi alijiuzulu kama seneta wa uchumi wa Berlin, na mbunge Cem Özdemir naye akaacha wadhifa wake, baada ya kufichuka kwamba walitumia kwa mambo binafsi maili walizozipata katika safari za kikazi. Huku kwetu ofisi nyingi za umma na mashirika ya misaada hutuma watu Geneva, Addis Ababa na New York kila wiki. Naamini kanuni za safari za kila ofisi zinapaswa kutamka wazi maili ni za nani. Zikinyamaza, afisa anaweza kuchagua tiketi iliyo ghali kuliko nyingine na mlipakodi asijue kamwe.

Baadaye biashara ikageuka. Mashirika ya Marekani yaligundua kwamba benki ziko tayari kununua maili kwa wingi ili kuwapa wenye kadi za mkopo. Mwaka 2020, wakati wa korona, United walikopa dola bilioni 6.8 kwa kuweka rehani mpango wao wa MileagePlus. Mpango huo ulikadiriwa kuwa na thamani ya karibu dola bilioni 22, zaidi ya thamani ya hisa zote za kampuni sokoni wakati ule. Maili, kwa hiyo, ni sarafu, na anayeichapisha ndiye anayepanga itanunua nini. Mwaka 2015 Delta waliacha kuchapisha jedwali la maili zinazohitajika kwa kila safari. Tangu hapo msafiri hujua bei siku anapotafuta kiti. Anayelimbikiza maili miaka mingi akingoja safari ya ndoto zake amekaa na fedha inayoweza kushushwa thamani wakati wowote, na hana pa kulalamika.

Tupige hesabu. Flying Blue humpa mwanachama wa daraja la chini maili 4 kwa kila yuro ya nauli, bila kuhesabu kodi za serikali na viwanja. Nauli ya yuro 500 inaleta maili 2,000. Maili moja ina thamani gani? Chukua bei ya tiketi ya fedha taslimu, toa kodi na tozo ambazo ungelipa hata ukitumia maili, kisha gawanya kwa idadi ya maili zinazotakiwa. Tuseme tiketi ni yuro 500, au maili 30,000 pamoja na yuro 200 za kodi na tozo. Umeokoa yuro 300 kwa maili 30,000, yaani senti moja kwa maili. Zile maili 2,000 basi ni yuro 20. Shirika jingine likikuuzia safari hiyo hiyo kwa yuro 40 pungufu, uaminifu wako umekula hasara. Na usisahau zile yuro 200: tiketi inayoitwa ya bure mara nyingi huwa na tozo za shirika lenyewe ndani yake, na katika safari ndefu zinaweza kumeza nusu ya faida.

Mfanyabiashara wa Kariakoo, hata hivyo, hesabu yake ni nyingine. Anayekwenda Dubai, Guangzhou au Istanbul kufuata nguo, vipuri na simu hahangaiki na tiketi ya bure. Anahangaika na mzani. Mwanachama wa Skywards akifika daraja la Silver, linalohitaji maili 25,000 za daraja (zile zinazohesabiwa kumpandisha mwanachama), huongezewa kilo 12 kwenye njia ambazo mzigo hupimwa kwa kilo. Mwenye daraja la Gold katika muungano wa Star Alliance huongezewa kilo 20, au begi moja zaidi pale wanapohesabu mabegi. Mtu anayelipia kilo za ziada kila safari anajua hizo ni fedha kiasi gani, na anazipata upya kila anaporudi. Hapa ndipo kadi inapolipa kweli.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wafanyabiashara ni kugawanya safari. Ethiopian walijiunga na Star Alliance mwaka 2011, na Turkish wamo humo humo. Aliyekwenda Guangzhou kupitia Addis Ababa, kisha Istanbul kwa Turkish, anaweza kuziweka safari zote mbili kwenye akaunti moja ya shirika lolote kati ya hayo. Wengi hufungua akaunti mbili na hawafiki daraja kokote. Angalia pia herufi moja iliyo karibu na namba ya safari kwenye tiketi. Hiyo ndiyo inayoamua umepata maili zote, robo yake, au hujapata kitu, na tiketi za promosheni ndizo huumia zaidi.

Maili nyingi za watu wetu hupotea kwa sababu ya majina. Pasipoti ina majina matatu, tiketi huyabana: Asha Juma Hamisi huwa HAMISI/ASHAJUMAMRS. Kama alijiandikisha kwa jina la Asha Hamisi peke yake, au wakala aligeuza mpangilio wa majina, mfumo unaweza kukataa kumtambua, na safari nzima isiingie. Jiandikishe kwa majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, mpe wakala namba ya uanachama wakati wa kukata tiketi, na tunza kipande cha pasi ya kupandia ndege mpaka uone maili zimeingia. Zisipoingia, mashirika mengi huruhusu kudai ndani ya miezi kadhaa, lakini watataka namba ya tiketi na kipande hicho.

Familia iliyoko Toronto au Minneapolis inayorudi nyumbani kila baada ya miaka miwili inahitaji kuangalia kalenda. Maili za Skywards hudumu miaka mitatu, hivyo za safari ya kwanza hufa kabla ya safari ya tatu. Baba, mama na watoto wakiwa na akaunti mbalimbali, kila mmoja huishia na maili zisizotosha kitu. Skywards wana utaratibu wa familia unaokusanya maili za wote kwenye kapu moja, na watoto nao huhesabiwa kwa sababu wamekaa kwenye kiti kilicholipiwa. Lifungueni kapu hilo kabla ya kukata tiketi ya kwanza, na mzitumie maili katika safari ya pili, hata kama ni za kupunguza nauli ya mtoto mmoja tu.