MIEZI YA KUSI: TUSIKAE BURE, TUJENGE BIASHARA YA SHUGHULI



Vikundi vingi vya akina mama na vijana hapa kwetu, toka Malindi hadi Kilifi, vina biashara ya kuandaa shughuli: kukodisha tenti, viti na masufuria, kupika na kupamba. Mwezi wa Desemba simu hazilali. Kisha Aprili yaingia, masika yanyesha, kusi yavuma, na mahoteli kadhaa ya ufuoni hufunga au hupunguza wafanyakazi hadi Juni hivi. Pesa zikipungua mjini, hata harusi huahirishwa.

Hapo ndipo vikundi huvunjika. Tumeona kikundi kikiuza viti vyake mwezi wa Juni kwa bei ya kutupa ili wanachama wapate unga. Agosti harusi ziliporudi, kikundi kile kile kikawa chakodi viti kwa wengine! Je, tufanye nini?

1. Akiba iwekwe kabla ya kugawana
Miezi ya kusi huokolewa Desemba. Tuseme mmekodisha viti 100 kwa shilingi 10 kila kimoja, na tenti 2 kwa shilingi 3,000 kila moja. Mmepata 7,000. Toeni gari 1,500 na vijana wa kubeba 1,000, zabaki 4,500. Kabla hamjagawana, wekeni 1,500 kando. Shughuli 10 ni shilingi 15,000 za kupitia masika. Bei hizi ni za mfano tu, lakini hesabu ndiyo hiyo.

2. Tengenezeni vyombo
Tenti ikikunjwa mbichi hushika ukungu na kuoza. Siku ya jua ikipatikana, itandazeni, ioshwe, ikauke kabisa, kisha fundi ashone palipopasuka. Nguzo za chuma huliwa na chumvi ya bahari: piga msasa, paka rangi. Hesabuni viti, sahani na vijiko, mwandike daftarini vilivyopotea na ni shughuli gani vilipotelea.

3. Tafuteni kazi ya miezi ijayo
Msingoje mteja awafuate. Tazameni kalenda. Likizo ya Agosti na ya Desemba ni wakati wa harusi. Mwezi wa Ramadhani harusi za Kiislamu hupungua, na baada ya Idi huanza tena. Nao hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, basi msikariri tarehe za mwaka jana. Nendeni kwa mashule, makanisa, misikiti na machifu mkajulishe bei zenu. Anayetaka siku yake alipe arbuni, muandikiane.

4. Jiandikisheni
Serikali hutakiwa kutenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Semina zahitaji tenti na chakula pia. Lakini kikundi kisicho na cheti hakipati. Miezi hii mna nafasi ya kushughulikia makaratasi. Ila tahadhari: malipo ya serikali aghalabu huchelewa, kwa hivyo msitie mtaji wote huko.

5. Matanga hayangoji msimu
Msiba huja mvua au jua. Katika matanga, au hanga kama tusemavyo Kigiriama, jirani huhitaji tenti usiku ule ule. Wekeni bei moja ya msiba, nafuu, isiyopanda kwa sababu mtu hana pa kwenda. Biashara yenu haitaanguka kwa hilo. Waliofiwa hawasahau nani aliwasitiri, na harusi ikija huko watajua wa kumwita.

Wako watakaosema, "Tutaweka akiba gani, na sisi twala leo kwa leo?" Ni kweli ni vigumu. Lakini tukumbuke Machi 2020, serikali ilipopiga marufuku mikusanyiko kwa ajili ya korona. Shughuli zilisimama ghafla. Masika, angalau, twajua yanakuja.

Basi mkutano wenu ujao, kabla ya chai, fungueni daftari muulizane mambo matatu: Tuna akiba kiasi gani? Chombo gani kimeharibika? Nani tutamtembelea wiki hii? Mkiweza kujibu hayo, Agosti itawakuta tayari. Akiba haiozi.