Aneyoshi: kijiji kilichoshika wasia wa wazee

Katika mwambao wa kaskazini-mashariki mwa Japani, ndani ya mipaka ya mji wa Miyako, kimo kijiji kidogo cha wavuvi kiitwacho Aneyoshi. Wakazi wake huitegemea bahari, lakini hawalali kandokando yake. Nyumba zao ziko juu bondeni, na mvuvi hana budi kuteremka njia ndefu hadi bandarini, kisha kuipanda tena arudipo.

Taabu hiyo ina sababu. Mwaka 1896 tsunami ilikiangamiza kijiji; walionusurika ni wawili tu. Kikajengwa upya, na mwaka 1933 bahari ikarudi. Safari hii wakabaki wanne. Ndipo likasimamishwa jiwe njiani, limechongwa onyo kwa wajukuu: wasijenge nyumba chini ya hapo.

Machi 11, 2011, maji yalipanda bonde hilo hadi kimo cha mita 40 hivi, yakakoma kabla ya kulifikia jiwe. Nyumba zote zilisalimika.

Mawe ya namna hiyo yamejaa mwambao huo, na kwingine yalisahauliwa. Aneyoshi, wazazi waliendelea kuwaeleza watoto maana yake. Nasi tujiulize: wasia wa wazee wetu, nani anawasimulia wanetu?