UNAJUA KUOGELEA, AU UNAJUA KUKIMBIA MAJINI?

Msomaji wangu, hebu nikuulize swali la uchokozi: hivi wewe unajua kuogelea, au unajua tu kutupa mikono? Usikasirike. Mimi mwenyewe niliambiwa ukweli wangu mbele ya kadamnasi, pale ufukweni Mbamba Bay, huku natetemeka kama kifaranga kilicholowa.

Mimi ni mtu wa Mbinga mjini, kule juu kwenye kahawa na baridi ya kulala na soksi. Kuogelea nimejifunza ukubwani. Jumamosi nateremka na gari la abiria hadi Ziwa Nyasa, navua shati, najitosa. Mtindo wangu ulikuwa mmoja tu: mtindo huru, ule wa kutupa mkono huu kisha huu, pumzi unavutia kulia. Naenda, narudi, naenda, narudi. Washikaji wakinitazama najiona bingwa.

Julai moja nikalenga boti iliyotia nanga mbele kidogo. Kwenda kulikuwa mteremko. Kurudi sasa! Mwera, ule upepo wa kusini-mashariki unaolisumbua ziwa kuanzia Mei hadi Agosti, ulikuwa umeamka. Kila nikigeuza uso kuvuta pumzi, wimbi linanizaba kibao. Bega likakaza. Nikanywa maji ya ziwa kama nimealikwa harusini.

Babu mmoja mvuvi alikuwa anapita na mtumbwi. "Lala chali! Lala chali, we kijana!" Nilale vipi na sijawahi? Akaninyooshea kafi, nikaling'ang'ania mpaka miguu ikagusa mchanga.

"Shikamoo babu. Ahsante sana," nikasema nilipopata sauti.

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe unajua kukimbia majini. Kuogelea hujui."

Akina mama waliokuwa wanaanika usipa wakaangua kicheko. Aibu iliyoje!

MAHINDI KILA MSIMU

Usiku ule sikulala. Nikakumbuka mashamba yetu ya ngolo huku Umatengo: maharage yakitoka, yanaingia mahindi, na udongo unadumu. Mimi bega langu nilikuwa nalipandia mahindi kila msimu, halafu nashangaa likichoka!

Dawa yake ipo, tena ya siku nyingi. Ni shindano la mtu mmoja kuogelea mitindo minne mfululizo: kipepeo, chali, chura, kisha mtindo huru. Liliingia Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, mita 400. Kipepeo chenyewe ni mtoto wa chura; vilitenganishwa rasmi baada ya Olimpiki ya Helsinki ya 1952.

Na usidhani Afrika hatumo. Kirsty Coventry wa Zimbabwe alichukua medali mbili za fedha katika mchanganyiko huo, mita 200 na mita 400, kule Beijing mwaka 2008. Mwaka 2025 akachaguliwa rais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Michezo hiyohiyo ya Beijing, jirani yetu Mkenya Jason Dunford aliingia fainali ya kipepeo mita 100, akawa wa tano.

Mpangilio wenyewe una akili. Kipepeo kinatangulia ukiwa bado na nguvu. Chali uso uko juu, unapumua. Chura miguu inachukua zamu. Mtindo huru unafunga kazi.

BWAWA LA MADUMU

Bwawa sina, nikajitengenezea. Kamba ya nailoni mita 25, madumu mawili matupu ya kuelea, viroba viwili vya mawe vya kuyashikilia. Nikaitandaza sambamba na ufukwe, maji ya kifuani. Ukuta wa kujisukuma hakuna. Unagusa dumu, unageuka.

Ratiba yangu ni hii, ukipenda iibe. Nikisema kamba moja, ni mita 25.

Jumamosi ya kwanza, kuonja. Kamba nne taratibu za kupasha mwili. Kisha kamba nane, mbili kwa kila mtindo, katikati unapumzika pumzi kumi. Malizia kamba nne za miguu tu. Jumla mita 400.

Ya pili, mapacha. Kamba ya kipepeo na ya chali bila kusimama. Pumzika. Chali na chura. Pumzika. Chura na huru. Hapo mita 150. Rudia, zinakuwa 300. Utamu uko kwenye kubadilisha, maana hapo ndipo mwili unapochanganyikiwa.

Ya tatu, kinyumenyume. Anza na huru, chura, chali, mwishoni kipepeo. Mizunguko miwili tu inatosha, tena utajuta kuzaliwa.

Ya nne ndiyo raha: kopo la bahati. Andika vikaratasi: "chali, mikono tu", "chura, polepole", "kipepeo, nusu kamba", "huru, pumzi kushoto". Tia kwenye kopo, mwenzako achomoe, wewe uogelee. Vikaratasi kumi na mbili, mita 300, na hakuna Jumamosi inayofanana na nyingine.

Angalizo kwa watu wazima wenzangu: kipepeo usikilazimishe. Piga mikono minne, malizia kwa mtindo huru. Wiki ijayo piga mitano. Bega likiuma, funga duka siku hiyo.

USIJIFANYE JEURI

Ziwa siyo beseni. Kwanza, usiogelee peke yako. Pili, waulize wenyeji mamba wako wapi, na uikimbie midomo ya mito. Tatu, kichocho kipo: epuka maji yaliyotulia yenye majani, hasa saa za jua kali la mchana, na ukapime hospitali. Dawa ipo, aibu ya nini? Nne, mwera ukianza, toka.

Mimi mwenyewe Julai iliyofuata ulinikuta kwenye kamba ya mwisho. Wimbi la kwanza likanijaza mdomo. Zamani ningepigana nalo. Safari hii nikajigeuza, nikalala chali, nikavuta pumzi tatu za uhakika, nikaingia chura hadi ufukweni, kichwa juu, naona ninakoelekea.

Babu alikuwa anafunga mtumbwi wake. Akanitazama weee.

"Leo umelala, mjukuu wangu."

"Nimelala, babu."

Wale akina mama walicheka tena, lakini safari hii walicheka kipepeo changu. Wanasema kinafanana na kuku aliyeangukia kisimani. Sawa tu! Kuku huyu katoka mwenyewe.